Mama Sekunde Tatu na Tetea Aliyewika

Jina lake kamili lilikuwa refu kuliko yeye mwenyewe: Mama Sekunde Tatu, Mchambua Vifaranga Nambari Moja, binti wa fundi baiskeli aliyejua tairi lilipotoboka kwa kusikiliza tu, mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto wa mitaa minne, mama wa mabinti watatu, mwenye vidole vilivyogeuza vifaranga wengi kuliko nywele za kichwa chake, asiyekosea. Neno hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe, na kwa miaka thelathini na minane hakutokea mtu wa kulitoa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiwanda kilitotolesha vifaranga kwa mashine, na siku ya kutotoa waliletwa mezani wakiwa wamejaa kwenye trei, manjano tupu, kelele tupu. Mchambuzi aliketi chini ya taa kali, akamshika kifaranga kwa mkono wa kushoto, akambinya tumbo kidogo atoe uchafu kwenye kopo, halafu akamfunua nyuma na kutazama. Akiona kipele kidogo kama kichwa cha pini, huyo ni dume, sanduku la kulia. Asipokiona, jike, sanduku la kushoto. Wachambuzi wengine walihitaji sekunde tano, sita, na miwani. Yeye tatu, huku akisimulia habari za harusi ya mtu.

Ukutani, juu ya birika la chai, palikuwa na ubao mweusi wenye mstari wa kila mchambuzi, na juu yake kanuni moja: KUKU WA SANDUKU LA JIKE AKIWIKA, ALIYEMCHAMBUA ANAPIGWA ALAMA. Kanuni hiyo aliitunga yeye, miaka kumi na moja nyuma, siku alipochoshwa na vijana waliokuwa wakikosea na kusingizia taa. Meneja aliipenda, akaiandika kwa herufi kubwa. Tangu hapo mistari ya wenzake ilijaa alama kama ukuta uliopigwa mawe. Wa kwake ulikuwa safi, na kila Jumatatu aliupangusa kwa kitambaa chake mwenyewe, ingawa hapakuwa na cha kupangusa.

Sasa alibakiwa na wiki tano astaafu. Meneja alishaahidi mbele ya watu: mwenye mstari safi ndiye atakayechagua wa kurithi kiti chake chini ya taa na kufundisha wageni. Mstari ukichafuka, kiti kitakwenda kwa Bwana Mwendokasi, kijana aliyechambua haraka kama anayekimbia mvua, mwenye alama kumi na saba na maelezo kumi na saba.

Mama Sekunde Tatu alikuwa na mtu wake. Alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake mkubwa, mwenye miaka ishirini na minne, ambaye kiwandani alipanga masanduku na kuitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Kofia alijifunzia kuchambua nyumbani kwa bibi yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi, mtulivu, usioumiza. Bibi alijua hilo. Tatizo ni kwamba kwa mwaka mzima walikuwa wakisemezana nusu nusu.

Chanzo kilikuwa jikoni, kwenye beseni la vyombo. Bibi, kama bibi yeyote mwenye utani, aliwaita wajukuu wa kiume "mume wangu" na wa kike "mke mwenzangu". Jioni hiyo Kofia alikuwa akisuuza sahani.

"Bibi, naomba usiniite tena mke mwenzangu."

"Kwani umepata mume mwingine? Huyu wangu humtaki?"

"Sitanii, Bibi. Niite mume wangu, kama unavyowaita kaka zangu. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa hivyo tangu zamani, sikuwa na pa kulisemea."

Bibi aliacha sufuria. "Unajua nani alikuangalia siku uliyozaliwa?"

"Wewe."

"Wodi nzima ilisikia. Nesi hajakukausha vizuri, mimi nimeshasema: jike! Watu wakacheka mpaka mama yako mwenye maumivu akacheka. Na mimi sikosei."

"Sijasema ulikosea, Bibi."

"Sasa unasema nini?"

Kofia alifuta sahani ileile mara tatu, akaiweka, akaenda zake. Tangu siku hiyo bibi hakumwita mke mwenza wala mume. Alimwita "wewe hapo". Wewe hapo, lete chumvi. Wewe hapo, umekula? Na jina hilo lilikuwa likiwachoma wote wawili.

Basi ndiyo hali ilivyokuwa asubuhi ile muuza mayai alipoingia kiwandani na kikapu kichwani, amefura kama andazi.

"Meneja yuko wapi? Nilinunua tetea, nimepewa saa ya kengele!"

Alikitua kikapu juu ya meza ya meneja, akafunua kitambaa. Akatoka kuku mweupe mwenye upanga mwekundu kichwani, ndevu zinaning'inia, kifua mbele kama diwani aliyeshinda uchaguzi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akapanda juu ya faili la mishahara na kuwika: kokorikooo!

Bwana Mwendokasi ndiye aliyechukua karatasi ya sanduku kutoka mkononi mwa muuza mayai, akaisoma taratibu, mara ya kwanza maishani mwake kufanya kitu taratibu.

"Sanduku la jike," alisema. "Mchambuzi... nambari moja. Ala! Nambari moja ni nani vile? Nimesahau."

"Lete hiyo karatasi," Mama Sekunde Tatu alisema.

Karatasi ilikuwa yake. Hata doa la chai lilikuwa lake. Alimwinua yule kuku, akamgeuza chini juu. Miguuni palianza kuota kucha za kupigania.

Meneja, mtu mpole aliyependa mambo yake yakae kwenye safu, alichukua chaki. "Mama, kanuni ni yako mwenyewe."

"Piga tu," alisema Mwendokasi. "Alama moja haiui. Mimi ninazo kumi na saba na nanenepa."

"Alama mnapigiana ninyi, mimi hasara yangu?" muuza mayai aliingilia. "Na alikuwa anataga vizuri huyu! Mayai arobaini na moja, nimeyauza kwa mkono wangu. Halafu akaugua, akanyonyoka, nikasema anakufa. Kupona kwake ndiyo huku."

Chaki ikasimama hewani.

"Alitaga?" Mama Sekunde Tatu aliuliza.

"Nimsingizie kuku kwa faida gani?"

"Jogoo hatagi," alisema Mama Sekunde Tatu.

"Tetea hawiki," alisema Mwendokasi.

"Kitabu changu kina safu mbili tu," alisema meneja, karibu kulia.

Kwa kuwa hakujua la kufanya, meneja alichora alama ya kuuliza kwenye mstari wa Mama Sekunde Tatu. Hiyo ilimuuma kuliko alama yenyewe. Alama ni hukumu, mtu anaikatia rufaa. Kuuliza ni kukutazama jicho la pembeni kila unapokwenda kumimina chai.

Meneja aling'oa unyoya mmoja wa yule kuku, akamtoa na tone la damu, akavitia kwenye bahasha na kuvipeleka chuoni kwa wataalamu. Majibu yalichukua siku tisa, na siku zote hizo kuku alikaa ofisini akinya juu ya barua. Kiwanda kiligawanyika. Saa ya chai, benchi la dirishani lilikuwa upande wa Jogoo na benchi la mlangoni upande wa Tetea. Mtu akihama benchi alizomewa. Mfagizi alipofungua ofisi asubuhi alimsalimia kuku, "Habari za kuamka, bwana," na mwenzake wa nyuma akasahihisha, "Mwambie mama, utamkosea adabu." Kuku aliwajibu wote kwa kuwika kulekule.

Siku ya tisa walikuja wawili. Mmoja alikuwa Profesa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wa pili alikuwa Daktari wa vinasaba, mwanamke kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wa huyo Profesa, na ilionekana wazi kwamba walianza kubishana tangu wakiwa garini.

Waliketishwa chumba cha kufungashia, kila mtu akaacha kazi yake kidogo, kidogo hiyo ikawa saa nzima.

"Jambo ni jepesi," Profesa alianza. "Tetea ana ovari mbili, lakini ya kushoto tu ndiyo hufanya kazi. Huyu aliugua, ya kushoto ikafa. Ya kulia iliyokuwa imelala ikaamka, ikaanza kutoa homoni, maji ya mwilini, za kidume. Ndiyo huo upanga, ndiyo huko kuwika. Hutokea mara chache sana. Lakini unyoya unasema jike, na mwili wake uliumbwa kwa njia ya mayai. Viumbe wa namna hii wana njia mbili: ya yai kubwa au ya mbegu ndogo. Ya tatu haipo. Tetea aliyeugua ni tetea."

Benchi la mlangoni lilipiga makofi.

"Mwalimu wangu kasema kweli," alisema Daktari, "ila kaacha nusu mezani. Unyoya unasema jike. Damu inasema dume. Upanga unasema dume. Mayai hayapo tena. Kuku mmoja, maswali manne, majibu hayalingani. Mkiniuliza alizaliwa nani, nitasema jike. Mkiniuliza leo anaishi vipi, siwezi kumwita tetea tu nikanyamaza. Na usiseme mgonjwa, Mwalimu. Anakula kuliko wewe."

Benchi la dirishani nalo likapiga makofi, na kuku akawika akidhani anashangiliwa yeye.

"Jike au dume?" aliuliza meneja, kalamu mkononi.

"Jike," alisema Profesa.

"Inategemea unauliza nini," alisema Daktari.

"Safu hiyo sina," alisema meneja.

Hapo ndipo Bwana Mwendokasi alipojinyoosha, akaegemea rundo la masanduku na kumtupia Kofia jicho. "Na kwa watu je, waheshimiwa? Maana humu ndani tuna mtu alitoka sanduku la kushoto, kofia inasema la kulia."

Wachache walicheka kicheko cha puani. Kofia aliendelea kufunga kamba ya sanduku, lakini fundo lile lilifungwa mara nne.

"Mtu si kuku," Profesa na Daktari walisema kwa pamoja, wakatazamana kwa mshangao kwamba wamekubaliana.

Makubaliano hayakudumu. "Mwili ni swali moja," Profesa aliendelea. "Mtu anavyojijua mwenyewe ni swali jingine. Nisiwadanganye, kipimo cha hilo la pili sina, na sipendi yakichanganywa."

"Kukosa kipimo hakumaanishi kitu hakipo," alisema Daktari. "Maumivu tunayapimaje, Mwalimu? Tunamwuliza anayeumwa."

"Lakini maumivu hatuyaandiki kwenye safu ya damu."

"Sijasema tuyaandike safu hiyo. Nasema tuongeze safu."

"Unaona? Hapo ndipo tulipokwama tangu ulipokuwa mwaka wa pili."

"Mwaka wa kwanza, Mwalimu. Mwaka wa pili ulikuwa hunisalimii."

Mama Sekunde Tatu alikuwa kimya tangu mwanzo, jambo ambalo wenzake walilitazama kama mvua ya kiangazi. Alikuwa anamtazama Kofia na lile fundo. Ghafla alisema, "Wewe hapo. Nenda nyumbani. Chini ya kitanda changu, nyuma ya viatu vya harusi. Leta madaftari."

Kofia alikwenda, akarudi na madaftari sita ya shule yaliyofungwa kwa ugwe. Hakuna kiwandani aliyewahi kuyaona.

Kumbe ilikuwa hivi. Mchambuzi asipokuwa na hakika na kifaranga, sheria ya kiwanda ilisema amtupie sanduku la madume, asipoteze muda. Mama Sekunde Tatu hakuweza. Mtu asiyekosea atawekaje mahali asipopajua? Kwa hiyo alikuwa na kopo la maziwa miguuni pake, lenye matundu, na wale wa mashaka aliwatia humo, akawalipia, akaenda nao nyumbani. Aliwafunga uzi wa rangi mguuni, akawalea, akaandika. *Uzi mwekundu, wiki ya saba, upanga mdogo. Uzi mwekundu, mwezi wa tano, kataga.* Miaka thelathini na minane ya uzi.

"Wako wangapi?" Daktari aliuliza, sauti imeshuka.

"Mia mbili na kumi na wawili. Mia mbili na tisa walijieleza wenyewe, huyu akataga, huyu akawika. Watatu hawakujieleza mpaka walipokufa. Mmoja alitaga akawika, kama huyu. Wawili hawakutaga wala hawakuwika, walikula tu."

Profesa alivaa miwani. "Mia mbili na tisa! Mnaona? Hata wa mashaka, karibu wote ni wa njia hizo mbili!"

Daktari alivuta daftari upande wake. "Watatu! Mnaona? Na bado kuna anayesema hawapo!"

"Sijasema hawapo, nimesema hawafanyi njia ya tatu."

"Msiyachane tu," alisema Mama Sekunde Tatu. "Naona kila mmoja kapata ukurasa wake wa kumfurahisha. Mimi nina swali langu moja, na mnijibu wote. Siku ile nilipomfunua huyu kuku, ana siku moja duniani, nikasema jike. Nilikosea?"

"Hapana," alisema Profesa.

"Hapana," alisema Daktari. "Ulichokiona siku hiyo kilikuwapo."

Meneja aliinuka bila kusubiri jibu la tatu, akaifuta ile alama ya kuuliza kwa kiganja, kisha akakipangusa kiganja kwenye suruali kwa furaha. Mstari ulikuwa safi. Watu walipiga masanduku kama ngoma. Mama Sekunde Tatu alipaswa kushangilia. Alijikuta amekaa, ameshika daftari la kwanza, na neno lile la Daktari linamzunguka kichwani: siku hiyo. Siku hiyo.

Alikuwa amewapa vifaranga mia mbili na kumi na wawili muda wa kujieleza, uzi kwa uzi, mwezi kwa mwezi. Na huyu wa kwake mwenyewe alimpa sekunde tatu, za wodini, na alipokuja kueleza akaambiwa kazi ilishakwisha.

"Basi, Mama," alisema meneja. "Nani anarithi kiti?"

"Huyo." Alimnyooshea Kofia kidole.

"Huyo?" Mwendokasi aliruka. "Atachambuaje wengine na yeye mwenyewe hajijui sanduku lake?"

"Wewe mwenye alama kumi na saba," alisema Mama Sekunde Tatu pasipo kugeuka, "ungejua sanduku la nani? Juzi umevaa gambuti zote mbili za kushoto, mchana kutwa, hukujua mpaka nilipokwambia." Watu waliangua kicheko, na Mwendokasi mwenyewe akajitazama miguuni kwanza ndipo akacheka.

Bibi alimsogelea mjukuu wake. Alikuwa mfupi, ilimbidi atazame juu, chini ya ile kofia.

"Umefurahi, Bibi?" Kofia aliuliza kwa sauti ya chini. "Hukukosea."

"Sikukosea."

"Lakini mimi sikubadilika kama kuku wako. Sikuugua, sikunyonyoka. Usije ukaniandika daftari moja na huyu."

"Nimesikia. Kuku sikumwuliza kitu kwa sababu hajui kujibu, nikamngoja. Wewe unajua kujibu, ukanijibu, na sikukungoja. Sijui wanasayansi watakuweka safu gani, wao wenyewe watafika nyumbani wakibishana. Hilo ni lao." Alijikohoza. "Mimi mdomo wangu ni mzito. Utanipa muda kidogo. Uzi mmoja hivi."

Kofia alitabasamu, mara ya kwanza kwa muda mrefu bibi kuona meno yake yote.

Muuza mayai, aliyekuwa amerudi siku hiyo na kungoja tangu asubuhi, aliuliza kama kuna mtu anajali kwamba yeye bado hana tetea. Meneja alimpa vifaranga wapya, waliochambuliwa na nambari moja. Yule kuku mweupe akabaki amesimama juu ya meza, hana mwenyewe.

Mama Sekunde Tatu alifungua droo yake, akatoa daftari jipya, la saba, bado lina harufu ya duka. Akatoa na kipande cha uzi wa kijani. Akamfunga kuku mguuni kwa fundo lisilobana, akamweka mikononi mwa Kofia, na daftari juu yake.

"Huyu ni wako sasa. Na kopo la matundu ni lako, na kiti, na taa. Wa mashaka usiwatupe sanduku lolote, wapeleke nyumbani. Kila asubuhi andika unachokiona. Usiandike unachokitaka, usiandike alichosema Profesa, wala alichosema Daktari, wala nilichosema mimi."

Kofia alifungua ukurasa wa kwanza juu ya mgongo wa kuku, akachomoa kalamu sikioni. "Naanza na nini, Bibi? Jike au dume?"

Wote walisogea kusikiliza, mabenchi yote mawili, Profesa na Daktari wakiwa wamebanana mlangoni.

"Anza na tarehe, mume wangu," alisema bibi. "Tarehe, halafu mwangalie."